Sikio, Jicho, Kinywa na Mkono: Historia ya Vikundi vya Redio Nchini Tanzania

Kila zama huwa na chombo chake cha kufundishia, na kila chombo kipya kinapofika husemwa kwamba sasa kazi ya elimu imekuwa rahisi. Ilisemwa hivyo kitabu kilipoingia vijijini, ikasemwa tena redio ilipokuja, na siku hizi husemwa juu ya simu na kompyuta. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia ya vikundi vya redio vya Tanzania, hasa kati ya mwaka 1969 na 1975, ili tuone jambo moja: chombo kimoja kilicho peke yake hufundisha kidogo, na vyombo kadhaa hufundisha sana pale vinapokutanishwa mbele ya watu wanaozungumza wao kwa wao.

Jambo hili halikuanza na redio. Wazee wetu walilijua, ingawa hawakuliandikia vitabu. Katika unyago na jando la makabila ya kaskazini mashariki, kama vile Wazigua, Washambaa na Wapare, mafunzo yalitolewa kwa vinyago vya udongo. Hans Cory, aliyevikusanya vingi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1956, alionyesha kwamba kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na maana yake. Mwari alikiona kinyago, akausikia wimbo, akauimba mwenyewe, kisha akafafanuliwa maana. Huko pwani nako, mtoto wa chuoni aliandika aya kwenye ubao, akaisoma kwa sauti mpaka ikakaa moyoni, ndipo ubao ukaoshwa. Jicho, sikio, kinywa na mkono vilifanya kazi pamoja, na mwalimu alikuwa karibu.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili yao walikuwa katika hali hiyo. Kwa watu hao kijitabu kilikuwa mlango uliofungwa. Redio ilikuwa mlango wazi, kwa sababu ilizungumza Kiswahili na ilifika mbali. Lakini redio ina dosari yake. Husema ikapita. Asiyeelewa hawezi kuisimamisha aiulize, na aliyeelewa jana huenda leo amesahau.

Dawa ya dosari hiyo ilianza kutafutwa mapema. Katika miaka ya 1960 Chuo cha Elimu ya Ushirika, Moshi, kiliwakusanya wanaushirika katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma kwa pamoja. Mwaka 1969 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilijaribu njia hiyo kwa kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ikafuata Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha, ambayo watu wapatao 20,000 walishiriki. Hayo yote yalikuwa majaribio. Kila mara waandaaji walijifunza namna ya kuandika kijitabu chepesi, namna ya kupanga vipindi, na zaidi ya yote namna ya kumwandaa kiongozi wa kikundi.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1973 kwa jina la Mtu ni Afya. Safari hii haikuwa historia ya taifa wala uchaguzi. Ilikuwa uhai wenyewe. Malaria, kuhara damu, kichocho, safura na kifua kikuu vilikuwa vikiwamaliza watu, hasa watoto, na mengi ya maradhi hayo yangeweza kuzuiwa na wanakijiji wenyewe kama wangejua chanzo chake. Kampeni ilidumu majuma 12. Vijitabu vilichapwa kwa mamia ya maelfu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi: walimu wachache wa taifa waliwafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha wa chini yao, mpaka kijijini. Watu wazima waliojiunga walikadiriwa kufikia milioni mbili.

Yafaa tutazame jinsi mkutano mmoja ulivyoendeshwa, maana siri ya kampeni imo humo. Kikundi kilikaa kuizunguka redio saa iliyopangwa, kikasikiliza kipindi. Redio ilipozimwa, kijitabu kilifunguliwa. Aliyejua kusoma aliwasomea wenzake kwa sauti, na picha zikatazamwa na wote. Kisha yakaja mazungumzo. Ikiwa somo ni malaria, kikundi kilijiuliza: hapa kwetu maji yametuama wapi? Ni majani gani yamesongamana karibu na nyumba? Mwisho kikundi kilikata shauri la kutenda: kufukia mashimo, kufyeka, kuchimba choo, kuchemsha maji ya kunywa. Mkutano uliofuata uliwakuta watu wakiwa wameona matokeo ya kazi zao.

Tukiichambua njia hii tunaona kwamba kila chombo kilifunika upungufu wa mwenziwe. Redio ilileta habari moja kwa nchi nzima saa ile ile, hata mkulima wa Ukerewe akajua kwamba yule wa Masasi naye anajifunza kama yeye. Kijitabu kiliyahifadhi yale ambayo redio ilisema ikapita. Baraza liliyatoa maneno hayo katika ujumla wake likayashusha katika kijiji chenye jina, kisima na njia zake. Kazi ya mikono iliyageuza maarifa kuwa desturi. Ondoa baraza, na redio itabaki kelele njema. Ondoa redio na kijitabu, na baraza litazungushana katika yale linaloyajua tangu zamani.

Matokeo yalipimwa. Katika vijiji vilivyochaguliwa, nyumba zaidi ya 2,000 zilikaguliwa kabla ya kampeni na baada yake, kwa kuhesabu mambo ya afya yaliyotimizwa katika kila nyumba. Wastani ulipanda kutoka 3.0 hadi 4.8. Vyoo vilivyochimbwa nchini vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Faida nyingine ilikuwa ya kisomo chenyewe: mtu aliyemsikia jirani yake akisoma kijitabu aliona kwa macho yake sababu ya kujifunza kusoma. Miaka hiyo hiyo madarasa ya kisomo yalienea nchini, na vitabu vyake vya mwanzo katika mikoa ya Ziwa vilizungumzia pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji, yaani kazi ambazo mwanafunzi alizijua kabla ya kuzijua herufi.

Hata hivyo historia haitutaki tusifu tu. Kampeni ya majuma 12 huisha, lakini choo hubomoka na mashimo hujaa maji tena masika ijayo. Kipindupindu kilipozuka kwa nguvu mwaka 1977, kilitukumbusha kwa uchungu kwamba somo la maji na vyoo halijapata kumalizika. Chakula ni Uhai ilikuwa imefuata mwaka 1975, na Misitu ni Mali ikaja mwaka 1980. Lakini vikundi vingi havikuwa na uhai wao wenyewe kati ya kampeni moja na nyingine. Vilikusanyika vilipoitwa, vikatawanyika mwito ulipokoma. Hapa ndipo palipokuwa na ufa: vyombo vilihesabiwa na kutunzwa, na baraza likadhaniwa kwamba litajitunza lenyewe.

Wataalamu wa elimu wamekwisha kulichunguza jambo hili kwa njia zao. Mwaka 1971 Allan Paivio, mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, alieleza kwamba akili huhifadhi maneno kwa njia moja na picha kwa njia nyingine, na jambo lililopita njia zote mbili hukumbukwa vyema zaidi. Richard Mayer wa Marekani, katika majaribio ya miaka mingi, alithibitisha kwamba maneno na picha zinazohusiana humsaidia mwanafunzi kuelewa. Lakini alionya vilevile kwamba mapambo yasiyo na kazi, au maneno yale yale kuandikwa na kusomwa kwa pamoja juu ya picha, huielemea akili. Kuunganisha, basi, si kurundika. Mkutano wa Mtu ni Afya ulikuwa na mpangilio: kwanza sikio, kisha jicho, kisha kinywa, kisha mkono, na kila kimoja kilipewa zamu yake.

Ushahidi mwingine ulipatikana miaka 20 baadaye. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Eneo la Dodoma halikutangaziwa mchezo huo mpaka mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha. Walikokuwa wakiusikiliza, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kuliko huko Dodoma, na watafiti waliona kwamba mazungumzo kati ya mume na mke, na kati ya rafiki na rafiki, yalikuwa njia kubwa ya mabadiliko hayo. Hakuna aliyewapangia vikundi. Wasikilizaji walijiundia baraza zao majumbani na vibarazani.

Mwaka 2020 shule zetu zilipofungwa kuanzia mwezi Machi mpaka mwisho wa Juni kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Lilikuwa jambo la lazima na la kushukuriwa. Lakini mtoto aliyekaa mbele ya redio bila kitabu, bila wa kumwuliza na bila wa kubishana naye, alirudishwa kwenye ile dosari ya zamani: chombo kilisema kikapita.

Kwa hiyo hatuna budi, kila tunapogawa vyombo vipya katika shule na vijiji vyetu, tuulize maswali ambayo waandaaji wa mwaka 1973 walijiuliza. Nani atakaa na wanafunzi chombo kitakapozimwa? Ni maandishi gani yatakayobaki mikononi mwao? Watazungumza na nani, na watatenda nini kesho asubuhi? Taifa lililowahi kukusanya watu milioni mbili kuzizunguka redio zao haliwezi kusema kwamba halijui majibu. Kazi iliyobaki ni kumwandaa kiongozi wa kikundi kwa bidii ile ile tunayoitumia kununua chombo.