Shule ya Litowa

Sisi wa Mbinga na mwambao wa Nyasa tunapoulizana shule ni ya nani, tuikumbuke Litowa, kule Songea. Katika miaka ya 1960 wanavijiji wa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma walijiendeshea shule yao. Watoto walisoma na kulima, na wazazi walikuwa na sauti. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikisifu chama hicho. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Mali zikachukuliwa, walimu wakatawanywa. Ajabu kwelikweli, miaka miwili tu baada ya Elimu ya Kujitegemea! Nao Mtaguso ulikwisha kutamka, mwaka 1965, kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Huko Matetereka, hata hivyo, wanakijiji waliendelea kulima pamoja, bila chama.