Mkoba wa Imamu Ghazali



Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus katika Uajemi mwaka 1058, alisafiri ujanani hadi Jurjan kutafuta elimu. Wanahistoria husimulia kuwa alipokuwa akirejea alivamiwa na wanyang'anyi, wakamchukulia mkoba wenye maandishi ya masomo yake. Akawafuata akiwasihi. Mkuu wao akacheka: yawaje adai kuwa na elimu, ilhali kwa kupokonywa mkoba amebaki hana kitu? Kisha akamrudishia. Ghazali akakaa Tus miaka mitatu akiyahifadhi yote moyoni, hata asimhofu tena mwizi.

Nasi na watoto wetu twaandika mengi madaftarini. Basi kila jioni tulifunge daftari, tujiulize: ni lipi la leo lililobaki kifuani?