Pindo la Kanga, Darasa la Kwanza la Sindano

Kanga ikitoka dukani huwa haijakamilika. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyochapwa kwenye kitambaa kimoja bila kutenganishwa, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu mita 1.5 na upana wa mita 1.1. Ni juu ya mnunuzi kuikata katikati na kuipinda nchani ili nyuzi zisichomoke. Kazi hiyo ni ndogo, na kwa mtoto anayeshika sindano kwa mara ya kwanza ni vigumu kupata inayomfaa zaidi: pamba haitelezi mkononi, mstari umenyooka, na kosa hufumuliwa bila hasara.

Kanga yenyewe ilizaliwa na mshono wa aina hiyo hiyo.

Katika karne ya 19 nguo iliyotawala masoko ya Afrika Mashariki ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi. Ililetwa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na jina lake linatokana na Marekani, nchi iliyotia saini mkataba wa biashara na Sultani Said bin Sultan mwaka 1833. Merikani ilikuwa imara lakini haikuwa na urembo. Urembo ulikuwa kwenye leso, vitambaa vidogo vya mraba vya rangi ambavyo jina lake lilitokana na Kireno, navyo viliuzwa vikiwa vimeungana kwenye jora moja.

Wanawake wa pwani wakabuni jambo. Badala ya kununua leso mojamoja, walikatiwa sita kwa pamoja. Wakakigawa kipande hicho sehemu mbili, tatu huku na tatu huku, wakaweka vipande hivyo ubavu kwa ubavu na kuviunga kwa mshono mmoja ulionyooka. Ikapatikana nguo pana ya kujifunga, yenye mpangilio ambao hakuna kiwanda kilichoufikiria. Wafanyabiashara walipoona inavyopendwa, wakaagiza ichapwe nzima nzima. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alikuwa miongoni mwa waliojenga jina katika biashara hiyo, na kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Hadi leo watu wengi wa Mombasa huiita nguo hiyo leso. Sifa ya kwanza, hata hivyo, ni ya wale wanawake waliokaa nyumbani na sindano zao.

Ujuzi wao haukutoka darasani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anawaonyesha wanawake wa majumba ya Unguja wakipitisha saa nyingi kwa kushona na kudarizi. Nje ya majumba hayo, kushona kofia kulikuwa njia ya kujipatia riziki. Kofia ya mkono ya Unguja au Lamu ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na nakshi zake hujazwa tundu kwa tundu kwa uzi mwembamba. Mwanamke aliweza kuifanya kazi hiyo bila kutoka nyumbani, watoto wakiwa pembeni yake wanatazama.

Kisha likaja gurudumu. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1851, na kampuni yake ikaeneza mtindo wa kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Waswahili waliipa mashine hiyo jina la cherehani, neno linalotokana na Kiajemi *charkh*, gurudumu, ambalo ndilo lililozaa pia cherehe ya kunolea visu. Mafundi wengi waliokaa nayo barazani mbele ya maduka walikuwa wanaume. Cherehani ya mkono, hata hivyo, ilikuwa ndogo kiasi cha kuwekwa mkekani, nayo iliruhusu kugawana kazi: mtoto anazungusha gurudumu, mama anaongoza kitambaa kwa mikono yake miwili. Mtoto hujifunza mwendo kabla ya kukabidhiwa nguo.

Shule nazo ziliingia. Huko Mbweni, Unguja, wamisionari wa Kiingereza walifungua shule ya wasichana waliokombolewa utumwani, ikaongozwa na Caroline Thackeray kuanzia mwaka 1877, na ushonaji ulikuwa sehemu ya mafunzo. Serikali ya Zanzibar ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana mwaka 1927, na huko pia sindano ilikuwa na nafasi yake. Baadaye, katika shule za Tanzania, kazi hiyo ilikaa ndani ya somo la sayansi kimu.

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Dar es Salaam, kanga na vitenge vikachapwa nchini. Mashine zilibadilika, rangi zikabadilika, na methali na misemo iliyowahi kuandikwa kwa hati za Kiarabu ikahamia hati za Kirumi. Doti peke yake haikubadilika: bado inauzwa bila pindo.

Kwa hiyo mzazi asiyejua kushona hahitaji kuanza na gauni. Achukue kanga mpya, aikate katikati, akunje ukingo mara mbili kwa upana wa kidole chembamba, apige bandi, kisha ashone kwa mishono midogo iliyolingana. Kingo ndefu za kila kipande hazichomoki, hivyo ziachwe kama zilivyo. Zinabaki ncha nne tu za kupindwa: mbili ashone mzazi, mbili amwachie mtoto.