Gesti ya ufukweni Jambiani: Utulivu wenye masharti yake

KATIKA miji yetu neno "gesti" limechafuka. Lisikikapo, wengi hufikiria chumba cha saa chache kando ya kituo cha mabasi. Katika mwambao wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, hata hivyo, nyumba ya kulala wageni ni kitu kingine: ni nyumba yenye vyumba vichache, iliyomo ndani ya kijiji, baraza yake ikitazama bahari. Kwa familia inayotafuta siku chache za mapumziko, nyumba hiyo yaweza kufaa kuliko hoteli, ilimradi mgeni aelewe anacholipia.

Mfano mzuri ni Jambiani, kijiji cha Mkoa wa Kusini Unguja kilicho kati ya Paje na Makunduchi, umbali wa zaidi ya kilometa 50 kutoka Mjini. Nyumba za wageni huko zimechanganyika na za wenyeji, misikiti na skuli. Atokaye Dar es Salaam husafiri kwa boti ya kasi kwa takriban saa mbili, kisha humalizia safari kwa daladala au teksi.

Bahari ndiyo saa

Hoteli kubwa huwa na bwawa la kuogelea; nyumba ndogo mara nyingi haina. Kwa hiyo mgeni hutegemea bahari, nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Jambiani imekingwa na mwamba wa matumbawe, na maji yapwapo hurudi nyuma mamia ya meta na kuacha mchanga mtupu na vidimbwi.

Wakati wa bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Nyakati hizo huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Hivyo, anayetaka kuogelea asubuhi apange safari yake takriban wiki moja baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Hizo ni siku za maji mafu, ambapo bahari hujaa asubuhi na haiendi mbali ipwapo.

Aidha, ufukwe huo ni mahali pa kazi. Kilimo cha mwani kilianza katika mwambao huo mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Vijiti na kamba zinazoonekana maji yakipwa ni shamba la mtu: si vyema kuzikanyaga, wala kumpiga picha mkulima bila ruhusa yake. Avaaye viatu vya majini huepuka miiba ya urumbu.

Msimu na upepo

Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huleta joto na bahari tulivu. Masika, kati ya Machi na Mei, huleta mvua kubwa. Bei hushuka, lakini baadhi ya nyumba hufungwa. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Septemba, nayo hupiga moja kwa moja upande huo wa kisiwa. Ni vyema kuwahi kuweka nafasi mwezi Julai, kwani sherehe za Mwaka Kogwa hufanyika Makunduchi, jirani kabisa.

Maswali kabla ya kulipa

Kwanza, uliza kuhusu umeme. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari, na kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu. Waya mpya uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu, lakini jenereta au betri bado ni jambo la kuulizia.

Pili, maji ya bafuni ni baridi au ya chumvichumvi? Tatu, bei ni kwa chumba au kwa mtu, kwa shilingi au kwa dola, na je, inajumuisha kodi na kifungua kinywa? Nne, nani hulinda usiku, na vitu vya thamani huwekwa wapi?

Chakula nacho kina utaratibu wake. Katika nyumba nyingi ndogo huagizwa asubuhi, kwa sababu samaki hununuliwa ngalawa zirudipo. Mwezi wa Ramadhani haifai kula hadharani mchana, na wakati wote mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni.

Mwenye mgonjwa anayehitaji uangalizi wa karibu, au watoto wasiotulia bila bwawa, huenda hoteli ikamfaa zaidi. Lakini aliye tayari kuishi kwa saa za bahari atapata usingizi usio na muziki wa usiku. Na fedha yake, akinunua samaki na kumlipa mpishi wa hapohapo, itabaki kijijini. Mgeni njoo, mwenyeji apone.