Shule Inapofungwa Wakati wa Baridi: Habari za Wilaya za Elimu za Marekani

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kufungwa kwa shule kwa likizo, na namna wazazi wanavyopashwa habari zake. Tutakwenda mpaka Marekani, ambako katika majimbo ya kaskazini mwezi wa Desemba ni mwezi wa baridi kali na theluji. Kwetu Tanzania na Kenya, ifikapo Desemba mwaka wa masomo umekwisha. Kule mwaka huanza Agosti au Septemba. Kwa hiyo likizo ya Desemba huukata mwaka katikati, na baada ya wiki mbili hivi watoto hurudi katika darasa lile lile.

Kwanza tuelewe wilaya ya elimu ni kitu gani. Shule za umma za Marekani haziendeshwi na serikali kuu ya Washington. Kila jimbo lina sheria zake, na chini ya jimbo mna wilaya za elimu. Wilaya ina mkurugenzi wake, na ina halmashauri ambayo mahali pengi huchaguliwa na wananchi kwa kura. Sehemu ya fedha zake hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za wakazi. Halmashauri hiyo ndiyo hupanga, kwa kufuata sheria za jimbo, siku ya kufungua shule na siku ya kuifunga.

Watu wengi hudhani kwamba likizo ya baridi imekuwako tangu zamani. Sivyo. Katika karne ya 19, huko mashambani, majira ya baridi yalikuwa ndiyo majira ya kusoma. Sababu yake ni rahisi kwa mkulima yeyote kuielewa. Wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, vijana wakubwa walihitajiwa shambani. Ardhi ilipofunikwa na theluji, walipata nafasi ya kwenda shule. Kwa hiyo palikuwa na muhula wa baridi, ambao vijana hao walihudhuria, na muhula wa kiangazi, ambao uliwafaa zaidi watoto wadogo.

Wala Krismasi haikuwa sikukuu ya shule kila mahali. Katika Massachusetts, Wakristo wa madhehebu ya Puritani waliona kwamba Krismasi haina msingi katika Maandiko. Mwaka 1659 walitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi 5 mtu aliyeiadhimisha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681, lakini mazoea hayakufutika upesi. Serikali kuu ya Marekani iliifanya Krismasi kuwa sikukuu ya watumishi wake katika mji mkuu mwaka 1870 tu.

Sasa tuulize: siku zile mzazi alipataje habari za shule? Hakuhitaji barua. Shule ilikuwa chumba kimoja, na mahali pengi mwalimu alilala na kula katika nyumba za wazazi kwa zamu. Wazazi ndio walioleta kuni za kutia motoni ili chumba kipate joto. Fedha za mwalimu zikiisha, muhula ulikwisha, na kila mtu alijua. Nyumba na shule vilikuwa kama mtu na jirani yake.

Mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mwaka 1852 Massachusetts ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuwalazimisha wazazi kuwapeleka watoto shule. Sheria hiyo iliwahusu watoto wa miaka 8 hadi 14, na ilidai wiki 12 kwa mwaka. Majimbo mengine yakafuata, na la mwisho lilikuwa Mississippi, mwaka 1918. Baadaye wilaya ndogo ndogo ziliunganishwa, na watoto wakaanza kuchukuliwa kwa mabasi. Kiasi cha mwaka 1940 palikuwa na wilaya zaidi ya 117,000. Leo ni kama 13,000 tu. Wilaya kubwa huweza kuwa na maabara, waalimu wa kila somo na maktaba. Lakini sasa mzazi hamjui tena mwalimu kama jirani. Hapo ndipo tangazo lilipoanza kuwa na kazi kubwa: karatasi iliyotiwa katika mkoba wa mtoto, gazeti, redio, na siku hizi simu ya mkononi.

Tangazo hilo lina uzito gani? Tazameni habari ya chakula. Mwaka 1946 Rais Truman alitia sahihi sheria ya chakula cha mchana shuleni, na tangu hapo mamilioni ya watoto wamekula shuleni, wengine bila malipo. Basi shule ikifungwa wiki mbili, jiko nalo limefungwa. Mama anayefanya kazi ya mshahara mdogo lazima ajue mapema: nani atakaa na watoto, nao watakula nini? Ndiyo maana matangazo mengi ya Desemba hayataji tarehe peke yake. Hueleza pia mahali pa kupata chakula, mahali penye nguo za baridi, na namna ya kupata habari iwapo theluji itazuia shule kufunguliwa.

Mfano mkubwa ni mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio. Baridi ya mwaka 1976 kuingia 1977 ilikuwa kali mno, hata gesi ya kupashia majengo joto ikapungua. Likizo ya kawaida ilikuwa imekwisha, watoto wamerudi, kisha wilaya ikalazimika kuyafunga majengo mengi karibu mwezi mzima wa Februari 1977. Lakini masomo hayakufa. Yalipelekwa nyumbani kwa redio, kwa televisheni na katika kurasa za magazeti. Siku moja kwa wiki watoto walikutana na waalimu wao katika majengo yasiyotegemea gesi. Mpango huo uliitwa kwa maana ya “shule bila shule”. Ulifanya kazi kwa sababu wazazi waliambiwa wazi wafanye nini, wapi na siku gani.

Wilaya imejifunza jambo jingine, nalo ni lugha. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la watoto wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoifahamu bila kumsaidia ni kumnyima elimu. Leo wilaya zinatakiwa pia kuwapasha wazazi habari kwa lugha wanayoielewa. Kwa kuwa wakimbizi wengi wa Kongo wamehamia Marekani, wilaya kadhaa hutoa matangazo kwa Kiswahili pia. Na kalenda yenyewe imepanuka: mwaka 2015 mji wa New York uliziingiza sikukuu mbili za Idi katika siku za kufunga shule za umma.

Kwa ufupi, kalenda ya shule haikushuka kutoka mbinguni. Iliundwa na kilimo, dini, sheria, kuni na gesi, na watu wanaweza kuibadilisha. Lakini kila inapobadilishwa, mzigo huhama kutoka shule kwenda nyumbani. Haki ya mzazi ni kuambiwa mapema, kwa lugha anayoijua, ili ajiandae kuupokea. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini hata mgeni mwema hupiga hodi.

Vikundi vya kusikiliza na vijadiliane maswali haya. Je, shule yenu huwapasha habari za likizo siku ngapi kabla ya kufunga? Mzazi asiyejua kusoma hupataje habari hizo? Na je, ni nani katika kijiji chenu huumia zaidi shule inapofungwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.