Hazina ya Vijana katika maeneobunge ya Nakuru

Hazina ya Vijana ni mfuko wa serikali ya Kenya wa kuwakopesha mtaji wa biashara wananchi wa umri wa miaka 18 hadi 35. Ilitangazwa katika bajeti ya Juni 2006 kwa Sh1 bilioni, na Rais Mwai Kibaki akaizindua Februari 2007.

Sehemu ya fedha hizo ilipitia benki na mashirika ya mikopo. Nyingine iligawanywa sawa, Sh1 milioni kwa kila eneobunge. Wilaya ya Nakuru wakati huo ilikuwa na maeneobunge sita: Nakuru Mjini, Naivasha, Molo, Kuresoi, Rongai na Subukia.

Mkopo wa eneobunge haukutozwa riba, ila ada ya asilimia 5. Waombaji walipaswa kuwa kundi lililosajiliwa, wala hawakudaiwa hatimiliki ya shamba, jambo zito katika Bonde la Ufa ambako vijana wengi hawana ardhi kwa majina yao. Hata hivyo, kundi halikupewa zaidi ya Sh50,000. Kwa hesabu hiyo, fedha za eneobunge zilitosha makundi 20 ya kiwango hicho. Na kundi la watu 10 likigawana, kila mmoja aliambulia Sh5,000.

Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi zililipuka Nakuru na Naivasha. Dhamana ya kundi ni wanachama wenyewe, na maelfu ya wakazi walikuwa wamefurushwa makwao.

Machi 2009 serikali ilianzisha mpango mwingine, Kazi kwa Vijana. Huo haukukopesha; ulilipa ujira wa kutwa kwa kazi za mikono kama kukarabati barabara.