'Thou' si neno la utukufu, ni 'wewe' tu

Jumapili moja ibadani Lugulu, kijana mmoja aliomba kwa Kiingereza, akimwita Mungu 'Thou'. Baadaye nilimuuliza mbona hakusema 'You'. "Profesa, hilo ndilo neno la heshima," akanijibu. Wanafunzi wangu chuoni nao husema hivyo hivyo. Jamani, asili ya neno hili ni kinyume kabisa!

Katika Kiingereza cha kale liliandikwa 'þū', nalo ni ndugu wa 'du' la Kijerumani na 'tu' la Kilatini. Lilimaanisha mtu mmoja, basi. Wengi waliitwa 'ye' wakiwa watenda na 'you' wakiwa watendwa. Lubukusu kina mgawanyo wa namna hiyo: 'ewe' kwa mmoja, 'enywe' kwa wengi.

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakuu. Kufikia karne ya 13, kwa kuiga 'vous' la Kifaransa, watu walianza kumwita mkubwa mmoja kwa wingi. 'Thou' likabaki la mtoto, mtumishi, mpenzi na rafiki wa karibu. Kumwambia bwana mkubwa 'thou' kukawa kumvunjia heshima.

Hapo ndipo Marafiki, au Wakweka, walipoingia matatani katika karne ya 17. George Fox na wenzake waliamini kuwa binadamu wote ni sawa mbele za Mungu, wakamwambia kila mtu 'thou', hata hakimu. Walitukanwa na kupigwa. Mwaka 1660, Fox, John Stubbs na Benjamin Furly walichapisha kitabu kizima cha kutetea umoja na wingi, chenye mifano ya lugha nyingi. Wakweka kutoka Marekani ndio waliofika Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikaenea hadi hapa Lugulu.

Mbona basi 'thou' limejaa katika Biblia ya Kiingereza ya 1611? Wafasiri walifuata Kiebrania na Kigiriki, lugha zinazotenganisha mmoja na wengi. Neno lilipotoweka katika mazungumzo ya kawaida likabaki kanisani, ndipo likavishwa utukufu.

Kiswahili chetu humwomba Mungu kwa kiambishi 'u-' kile kile tunachotumia kwa jirani, na hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Hivyo mwalimu, ukiulizwa darasani, jibu kwamba 'thou' ni 'wewe'. Kijana wetu alidhani anatumia neno la ikulu, kumbe ni la nyumbani.